Ruzuku, mkopo, mwekezaji au fedha zetu: mtu wa Tanga ashike hoja ipi?

Tangu Marekani ifunge mkono wa misaada Januari 2025, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, hapa Tanga mjini, vimegawanyika pande mbili, na kila upande una methali yake. Wa kwanza wanasema nguo ya kuazima haistiri matako: wahisani waende zao, nchi ijifunze kujitegemea. Wa pili wanajibu kwamba mkono mtupu haulambwi: nchi isiyo na marafiki haina dawa, haina barabara, na serikali yenye akili huchunga uhusiano wake na wakubwa wa dunia hata kama ni kwa kumeza maneno machungu.

Ukikaa ukasikiliza kwa muda utagundua kadi za vyama zinasema zaidi kuliko hoja. Mwenye kadi ya kijani ya CCM atausifu mkopo ambao angeulaani kama ungekopwa na wengine. Mpinzani naye atalaani mkopo leo, kesho ataahidi mradi uleule bila kueleza fedha zitatoka wapi. Jimbo la Tanga Mjini lenyewe limepita pande zote mbili: 2015 lilimpeleka bungeni Mussa Mbarouk wa CUF, 2020 likarudi CCM kwa Ummy Mwalimu. Watu wa hapa hawaogopi kubadili mawazo, na ndiyo maana naamini ulinganisho huu utawafaa. Umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuchagua hoja kabla hajachagua chama.

Nitapima kila aina ya fedha kwa maswali mawili. Nani ana uwezo wa kuzifunga? Na zikifungwa, tunabaki na nini mkononi? Bahati nzuri karibu kila aina ya fedha inayogombaniwa bungeni ina kitu chake cha kuonekana kwa macho hapa Tanga, au jirani zetu Bagamoyo.

Usihangaike na rangi za vyama vya ughaibuni

Kwanza tuondoe dhana moja inayopoteza muda wa wengi, kwamba Marekani kuna chama cha wakarimu na chama cha wachoyo, na kwamba tusubiri uchaguzi wao ujao mambo yatanyooka.

Tazama mlolongo wenyewe. Mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI ulianzishwa 2003 na George W. Bush, rais wa Republican, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 15 za mwanzo. Bush huyohuyo ndiye aliyeanzisha MCC, shirika la serikali ya Marekani la kutoa ruzuku za maendeleo, na Februari 2008 alikuja Dar es Salaam, akatia saini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698, ruzuku tupu isiyolipwa. Machi 2016, Obama wa Democratic akiwa madarakani, bodi ya MCC ikasitisha awamu ya pili ya dola milioni 472 iliyokusudiwa kwa ajili ya umeme, ikitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kisha Trump, wa chama kilekile cha Bush, Januari 20, 2025 akasimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90, na ilipofika Julai 1 shughuli za USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwapo tangu 1961, zikahamishiwa wizara ya mambo ya nje.

Uingereza ni vivyo hivyo. Lengo la Umoja wa Mataifa, kwamba nchi tajiri itoe asilimia 0.7 ya pato lake, liliwekwa 1970. Serikali iliyoongozwa na Conservative ndiyo iliyolifikia 2013 na kuliweka katika sheria 2015. Conservative haohao wakashusha hadi asilimia 0.5 mwaka 2021. Labour, ambao wengi wetu tumezoea kuwahesabu kama watetezi wa wanyonge, wakatangaza Februari 2025 kwamba watashuka hadi 0.3 ifikapo 2027 ili fedha ziende kwenye ulinzi.

Kwa hiyo anayekushauri upime sera ya nje ya Tanzania kwa kutazama nani kashinda Washington au London, anakupeleka mahali ambapo huna kura.

Ruzuku mbili za mkono mmoja

Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko pote, kwa sababu tunaweza kuweka ubavu kwa ubavu vitu viwili vilivyotoka nchi moja, tena chini ya rais mmoja.

Cha kwanza ni barabara ya Tanga hadi Horohoro, mpakani na Kenya, kilomita 65 za lami kwa fedha za MCC. Wanaopeleka mizigo Lunga Lunga na Mombasa wanajua kilichobadilika pale vumbi na matope vilipokwisha. Fedha zilikuja, mkandarasi akafanya kazi, barabara ikakamilika. Wamarekani walipokasirika 2016 na kuondoka na fedha za umeme, hawakuondoka na hata mita moja ya lami ya Horohoro. Kilichobaki kwetu ni kuitunza, na matengenezo ya barabara kuu ni kazi ya TANROADS kwa fedha za hapahapa.

Cha pili ni huduma za VVU. Siwezi kuzungumzia PEPFAR kwa dharau. Mama anayeishi na virusi kujifungua mtoto asiye na maambukizi, baba aliyekuwa anasubiri kufa akarudi kulima na kusomesha, hayo yametokea katika kila wilaya ya mkoa huu. Mtu anayesema misaada haijawahi kumsaidia Mwafrika hajawahi kukaa kwenye benchi la CTC, kliniki ya matibabu ya VVU.

Lakini msaada huu haukuwa kitu cha kujengwa mara moja. Ulikuwa kitu cha kila mwezi: dawa, vipimo, wahudumu wa ngazi ya jamii wanaowafuatilia waliokatiza dozi, waingiza takwimu, madereva wa sampuli, wengi wao kwa mikataba ya mradi. Dawa ya kufubaza virusi humezwa kila siku, na kirusi hakijui habari ya kusubiri siku 90. Amri ilipotoka, kazi zilisimama kabla hata maelezo hayajafika. Baadaye huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea, lakini mhudumu aliyeambiwa abaki nyumbani hakuwa tena barabarani akimtafuta mgonjwa wake, na mgonjwa aliyesikia kwamba dawa zimekwisha hakuwa na wa kumweleza vingine.

Mtoaji ni mmoja na aina ya fedha ni moja, lakini ukipima kwa swali la pili utapata majibu yanayopishana kabisa. Fedha za barabara zikifungwa leo, lami ipo. Fedha za dozi zikifungwa leo, kesho hakuna kitu.

Ndiyo maana nasimama upande wa tozo zilizoingizwa kwenye bajeti ya 2025/26, ile ya shilingi trilioni 56.49, ambazo sehemu yake inakwenda Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Najua tozo hazipendwi. Mwanasiasa yeyote, wa chama chochote, ana haki ya kuzipinga, ila akimaliza kuzipinga aseme dozi ya mwezi ujao italipiwa na nani. Asiposema hivyo, msimpigie makofi.

Masharti: kukataa, kumeza, au kusema na wenyewe

Wanaopenda msimamo mkali wa sera ya nje humtaja Mwalimu, na wana haki. Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Ujerumani Magharibi haikupenda Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi ili kutubana. Nyerere akawaambia waondoe na mwingine wote. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuwazuia walowezi weupe waliojitangazia uhuru Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaishia hewani. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliandikwa na watu waliokwisha kuonja jambo hilo.

Kinachosahaulika ni kilichofuata, na kilifuata hapahapa Tanga. Ujerumani Magharibi ileile ilirudi katika miaka ya 1970 na kugharamia mpango mkubwa wa maendeleo vijijini uliojulikana kama TIRDEP, ulioenea wilaya za mkoa wetu. Aliyekataa kubanwa hakupoteza rafiki milele. Hii ni hoja nzito kwa upande wa wanaotaka heshima.

Miaka hiyohiyo ilitupa somo la upande wa pili. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichojengwa kwa ubia na kampuni ya Kijerumani, kilitegemea malighafi zinazoletwa kwa meli kutoka nje. Fedha za kigeni zilipoadimika, kiwanda kikawa na mitambo bila cha kusindika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafa. Hakukuwa na sharti la kisiasa hapo. Kilichokuwapo ni mradi uliopangwa kiasi kwamba bomba lake la uhai liko bandari ya mtu mwingine, na mimi nauogopa mpango wa namna hiyo kuliko naogopa barua kali ya balozi.

Siku za karibuni masharti yamerudi. Mwishoni mwa 2014 wahisani walizuia mamia ya mamilioni ya dola za bajeti kwa sababu ya sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Desemba 2025, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29 na vifo vilivyouandama, Marekani ilitangaza kwamba inaupitia upya uhusiano wake na Tanzania. Na katikati kuna kisa ambacho vyama vyetu vilikigombania waziwazi kuliko vyote: Januari 2020 Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo aliiandikia Benki ya Dunia kuiomba izuie mkopo wa elimu wa dola milioni 500. Alitaja wasichana waliokuwa wakifukuzwa shule kwa ujauzito na hali ya demokrasia nchini. Aliitwa msaliti. Benki iliahirisha kidogo, kisha Machi 31 ikaidhinisha. Novemba 2021 serikali yenyewe ikaruhusu wasichana hao kurudi darasani.

Nimewasikia watu wakitumia kisa hiki kuthibitisha wanachokitaka. Wapinzani wanasema: mnaona, shinikizo linafanya kazi. Wa chama tawala wanasema: mnaona, alitaka watoto wakose madarasa. Maoni yangu ni kwamba kila upande uliacha kitu nje. Anayepeleka ugomvi wa nyumbani kwa mkopeshaji anamzoesha mkopeshaji kuamua ugomvi wetu, na siku nyingine ataamua kwa faida yake. Aliyepiga kelele za usaliti naye alikuwa na uwezo wa kumaliza jambo lote kwa asubuhi moja, kwa kumrudisha binti wa watu shuleni, bila benki yoyote kuombwa wala kukataa. Sera mbaya ya ndani ndiyo inayompa mgeni sababu ya kuingia.

Ukitaka kipimo cha kuchagua kati ya msimamo mkali na msimamo laini, uliza serikali inachokitetea. Mwalimu alipokataa misaada alikuwa anatetea uhuru wa nchi kuchagua marafiki na uhuru wa Waafrika wa Rhodesia. Huo ni ukali wa haki. Ukali wa kutetea uozo uliofanywa na viongozi wetu wenyewe hauna haki ya kuvaa koti la Nyerere.

Mkopo

Mkopo una sifa moja ambayo ruzuku haina: ukishasainiwa na kutolewa, mkopeshaji naye ana sababu ya kutaka mradi ukamilike, kwa kuwa anataka kulipwa. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani, ambayo sehemu yake inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mfano mzuri. Ni fedha za kulipa, lakini kwa masharti nafuu na kwa kitu kitakachofungua pwani nzima iliyokuwa imelala kati ya Wami na Pangani.

Mjadala wa deni nao hauendi kwa mistari ya vyama kama watu wanavyodhani. Desemba 2021 Spika Job Ndugai, mwana CCM, alihoji kasi ya kukopa na kuonya kwamba nchi inaweza kupigwa mnada. Rais Samia, mwenyekiti wa chama hichohicho, akajibu hadharani kwamba kukopa hakukuanza na yeye na kutaendelea. Januari 6, 2022 Ndugai akajiuzulu. Kilichozua mjadala huo ni pamoja na shilingi trilioni 1.3 za Shirika la Fedha la Kimataifa zilizojenga, pamoja na mengine, madarasa 15,000. Kuna watoto wa Muheza na Mkinga wanaosoma ndani ya madarasa hayo leo.

Nasikitika kwamba swali la Ndugai lilizikwa pamoja na cheo chake. Lilikuwa swali halali hata kama mkopo ule ulikuwa mzuri. Darasa halizalishi shilingi ya kulipa deni mwaka ujao. Linalipa baada ya miaka 20, kama mwalimu yupo. Mkopo wa darasa na mkopo wa bandari haviwezi kupimwa kwa kipimo kimoja, na Bunge ndiko mahali pa kusema hivyo bila mtu kupoteza kazi.

Mwekezaji

Bagamoyo wanalijua hili kuliko sisi. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja nchini, ulisainiwa mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Bagamoyo na kampuni ya China Merchants. Oman ikaingia baadaye. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais Magufuli akaeleza kwamba masharti yake yangekubaliwa na mwendawazimu tu: dhamana ya miaka 33, ardhi kwa miaka 99, na, hili linatuhusu, Tanzania isiendeleze bandari nyingine kuanzia Tanga hadi Mtwara. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe.

Marais watatu wa CCM, misimamo mitatu. Anayekuambia ana msimamo wa chama kuhusu wawekezaji wa nje muulize ni wa mwaka gani.

Kwa Tanga jibu ni rahisi kulisema. Kama sharti lile lingekubaliwa jinsi Magufuli alivyolieleza, bandari yetu ingebaki vilevile, meli zikitia nanga mbali na mizigo ikishushwa kwenye matishari. Sharti la kumzuia jirani asijenge ni baya zaidi ya riba, kwa sababu riba hulipwa ikaisha.

Chongoleani, hapa Tanga, ni kisa tofauti. Bomba la mafuta la EACOP linaloishia hapo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. TotalEnergies ina asilimia 62, mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania kila moja 15, na CNOOC ya China 8. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi kwa sababu za mazingira na haki za watu, na hapa kwetu wengi waliona ni wivu wa walioshiba. Mimi sikubaliani na kuyatupa yote kapuni. Fidia ya mwananchi aliyepisha bomba ni swali letu kabla ya kuwa la Brussels. Lakini kwa vipimo vyangu viwili, Chongoleani inapita Bagamoyo ya 2013: nchi ina hisa ndani yake, na haijatuzuia kujenga kitu kingine.

Fedha zetu

Maboresho ya bandari ya Tanga yaligharimu takriban shilingi bilioni 429, fedha za serikali. Mkandarasi alikuwa China Harbour, na hilo halina ubaya, kwani alilipwa kwa kazi akaondoka. Gati lina urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, meli inafunga palepale. Hakuna balozi anayeweza kuandika barua ya kulifunga.

Kisha 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ikafanya jambo ambalo naona halijasifiwa vya kutosha. Iliuza hatifungani ya kijani, yaani karatasi za mkopo kwa miradi inayojali mazingira, ya miaka 10, riba asilimia 13.5, ikitafuta shilingi bilioni 53.12, na ikapata zaidi ya ilichoomba. Wanunuzi wakubwa kwa wadogo waliikopesha mamlaka yao ya maji, na karatasi zake zinauzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Wapenzi wa kujitegemea wasikimbilie kushangilia mno, maana kuna mambo mawili. Asilimia 13.5 ni fedha nyingi kuliko mkopo wa masharti nafuu, na anayelipa mwisho wa yote ni mwenye mita ya maji. Pili, shirika la Umoja wa Mataifa la UNCDF lilisaidia kitaalamu kuiandaa. Msaada ulikuwamo. Ila ulikuwa msaada wa kufundisha kazi, na ukiondoka leo ujuzi umebaki kwetu.

Ningechagua hivi

Kama unaishi na VVU, au una mgonjwa nyumbani, chagua mwanasiasa anayetaka dozi, vipimo na mishahara ya wahudumu viingie kwenye bajeti ya taifa, hata kama anakuja na tozo. Hapo msaada wa nje uwe nyongeza. Kama wewe ni mfanyabiashara wa Horohoro au mvuvi wa Pangani anayesubiri barabara, usikatae ruzuku wala mkopo nafuu kwa sababu ya fahari. Taka tu kitu kinachokamilika na kubaki. Kama una shamba au kiwanja karibu na mradi wa mwekezaji, soma masharti kuhusu muda, ardhi na kile tunachozuiwa kufanya kwingine, kabla hujasikiliza ahadi za ajira. Na kama unanunua hatifungani, fuatilia mtambo wa maji kwa ukali uleule unaoufuatilia mpira wa Coastal Union.

Mgombea akija kata yako akasema atavutia wahisani, au atawafukuza, muombe ataje huduma moja ya kata hii inayolipwa na mradi wa nje, inalipwa hadi lini, na fungu gani la halmashauri litaibeba siku hiyo ikifika. Diwani aliyepo madarakani aulizwe vilevile, maana makisio ya bajeti ya halmashauri yanapita mikononi mwake kila mwaka.